"Three ya 15, chuo napata?" Hesabu ya kurisiti kabla hujalipia somo hata moja

Kila Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, makundi ya WhatsApp hujaa swali lile lile: "Nina three ya 15, chuo napata?" Yaani divisheni ya tatu yenye pointi 15. Majibu humiminika. Mmoja anasema utapata, binamu yake aliingia na three ya 16. Mwingine anasema hupati, karisiti tu ndugu yangu. Wa tatu anabandika namba ya simu ya mwalimu wa tuisheni.

Kichekesho ni kwamba wa kwanza na wa pili wote wanaweza kuwa wamesema kweli. Three ya 15 ya mtu mmoja inafungua mlango wa chuo kikuu, na three ya 15 ya jirani yake inamwacha nje. Asiyejua kwa nini iko hivyo ataamua jambo la mwaka mzima kwa kuangalia namba isiyohusika. Atarisiti masomo matatu wakati alihitaji moja, au hatarisiti kabisa wakati alibakiza alama chache, au atarudia kusoma kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza wa kidato cha tano na Mei ikifika apate herufi zile zile alizokuwa nazo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kurisiti ni kurudia mtihani wa taifa ambao umeshaufanya. Mbele ya NECTA, anayerisiti si mwanafunzi wa shule tena. Ni mtahiniwa wa kujitegemea, na namba ya kituo chake huanza na herufi P, wakati ya mwenzake aliye shuleni huanza na S. Watu wa QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ni kundi jingine. Hao hawarudii chochote, wanatafuta sifa ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya kwanza bila kupitia mfumo wa kawaida wa shule.

NECTA kazi yake ni kutahini, kusahihisha na kutoa cheti. Haimpeleki mtu chuo kikuu. Kiwango cha chini cha kuingia digrii huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kisha kila chuo hudahili kwa masharti ya kila kozi. Kwa astashahada na stashahada, mwenye kauli ni NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Taasisi hizi zote zinasoma matokeo yale yale, ila kila moja inayahesabu kwa namna yake, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Pointi za aina mbili

Kwa NECTA, kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi yako hujumlishwa. Ukipata 3 hadi 9 una divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne, na 20 au 21 ni sifuri. Pointi zikiwa chache, ndivyo ulivyofanya vizuri.

TCU inageuza meza. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S inapewa nusu. Hapa pointi zikiwa nyingi ndiyo heri.

Mpenzi wa mpira atalielewa hili upesi. Pointi za NECTA ni kama nafasi ya timu kwenye msimamo wa Ligi Kuu: wa kwanza ni bora kuliko wa kumi na tano. Pointi za TCU ni kama pointi za ligi zenyewe, ambazo timu inazikusanya mechi baada ya mechi. Mtu akikuambia "nina pointi nne" bila kusema anazungumzia safu ipi, hujui umpongeze au umpe pole.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. NECTA inajumlisha masomo yote matatu, lakini TCU kwa kiwango chake cha chini inaangalia mawili: uwe na ufaulu kamili katika masomo mawili, yale ambayo vijana huyaita prinsipo, na jumla yake isipungue pointi 4. Ufaulu kamili ni kuanzia A mpaka E. S haimo.

Sasa tuwaweke watu wawili mezani. Binti wa PCB amepata S ya Fizikia, E ya Kemia na D ya Biolojia. Kwa NECTA ni 6 na 5 na 4, jumla 15, divisheni ya tatu. Kijana wa HGL amepata C ya Historia, E ya Jiografia na F ya Kiingereza. Ni 3 na 5 na 7, jumla 15, divisheni ya tatu. Kwenye ukurasa wa matokeo wamelingana kabisa, na ukimuuliza shangazi atakwambia binti kafanya vizuri zaidi maana hana F.

Kwa TCU, binti ana prinsipo mbili, D na E, yaani 2 na 1. Jumla 3. Hajafika. Kijana ana C na E, yaani 3 na 1. Jumla 4. Amefika. F yake inauma na itamfungia kozi zinazotaka Kiingereza, lakini mlango wa digrii uko wazi kwake, na kwa binti asiye na F hata moja umefungwa.

Ndiyo maana swali la "three ya 15" halijibiki. Tangu sasa, anayekuuliza mwambie akuletee herufi.

Hapa niweke tahadhari kwa wakubwa wanaotaka kurudi shule. Waliomaliza 2014 na 2015 walipimwa kwa mfumo mwingine wa madaraja uliokuja na GPA, yaani wastani wa pointi, ambao Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, aliufuta mwanzoni mwa 2016 na kurudisha divisheni. Katika mfumo ule kulikuwa na B+, na C ilibeba pointi 2 kwa TCU badala ya 3. Kwa hiyo C ya 2014 na C ya 2018 zimeandikwa sawa lakini uzito wake si sawa. Usichukue jedwali la mdogo wako ukalitumia kwenye cheti chako.

Somo lipi linarudiwa

Turudi kwa yule binti. Akitaka tu kufikisha pointi 4, anahitaji kuipandisha Kemia kutoka E kwenda D. D na D ni 4, kwisha. Somo moja. Fizikia anaweza kuiacha ilivyo. Lakini akitaka udaktari wa binadamu hesabu inabadilika, kwa sababu kozi ile inadai ufaulu kamili katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla ya pointi 6. Hapo, akiwa na D ya Kemia na D ya Biolojia, itabidi Fizikia nayo ipande kutoka S hadi D, apate D tatu. Masomo mawili, na moja lina mlima.

Mtu yule yule, matokeo yale yale, ila mzigo wa kurisiti umebadilika kwa sababu ya kozi anayoitaka. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha mrisiti kiwe mwongozo wa udahili wa TCU, ambao hutolewa kila mwaka na kuonyesha kila chuo, kila kozi na masharti yake. Unaanza na kozi, unarudi nyuma kwenye masomo, kisha herufi. Wengi huanza na tuisheni iliyo karibu na nyumbani.

Na kumbuka pointi 4 ni kizingiti tu. Kozi inayogombewa na maelfu itawachukua wenye alama za juu kwanza, hata kama wewe umetimiza masharti. Ukirisiti kwa ajili ya kozi ya namna hiyo usilenge kizingiti, lenga juu yake.

Kurisiti pia si jibu la kila mtu, na naona kuna haya isiyo na sababu inayowafanya watu wasilitamke hilo. Mwenye prinsipo moja na S moja anaweza kuingia stashahada sasa hivi, na akimaliza na GPA ya 3.0 akaomba digrii kwa njia hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi kwa wenye angalau pointi 1.5 za TCU katika masomo mawili, na anayeifaulu kwa GPA ya 3.0, huku akiwa na C katika masomo matatu ya fani yake, anatambulika kuingia digrii. Binti wetu mwenye pointi 3 anaruhusiwa kuipitia. Mwenye D na E, aliyebakiza kidogo, mimi ningemwambia arisiti. Mwenye S moja na F mbili, anayetakiwa kuruka ngazi mbili au tatu katika masomo mawili huku akisoma peke yake, ningemwomba aifikirie njia ya kuanza astashahada hadi stashahada kwa moyo mkunjufu kabla ya kulipa ada ya mtihani.

Herufi inaficha alama

E ni alama 40 hadi 49. D ni 50 hadi 59. C inaanzia 60, B 70, A 80. Chini ya E kuna S ya 35 hadi 39, na chini ya 35 ni F. NECTA inakupa herufi, haikupi alama. Maana yake wenye E wawili wanaweza kuwa mbali sana: mmoja alipata 49 akakosa D kwa alama moja, mwingine alipata 40 akaponea chupuchupu kuangukia S. Wote wamepokea E, na wote wanaambiwa "ongeza bidii kidogo". Kwa mmoja kidogo ni kidogo kweli. Kwa mwingine ni alama kumi, na haziji kwa kusoma kidogo.

Angalia S ya Fizikia tena. Iko kati ya 35 na 39. Ili iwe D inahitaji kufika 50, yaani alama 11 hadi 15. Kumbe ile S inayoonekana imekaribia ufaulu iko mbali na D kuliko E yoyote.

Njia ya kujua ulipo ni moja, nayo haipendwi. Chukua mtihani wa taifa wa mwaka ambao hujauona, kaa nao kwa saa zile zile, simu iwe chumba kingine, kisha mpe mwalimu wa somo ausahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia. Usijisahihishie mwenyewe. Mtu akijisahihishia hujihurumia: anaona alichomaanisha badala ya alichoandika. Alama utakayoipata ndiyo mwanzo wako. Fanya hivyo kabla ya kusoma chochote, maana lengo ni kujua hali ilivyo. Aibu ya 38 inabaki kati yako na mwalimu.

Anayeamini kwamba alisahihishwa vibaya ana njia ya kukata rufaa NECTA, ndani ya muda uliowekwa baada ya matokeo na kwa ada. Ila usiisubiri rufaa huku umekunja mikono.

Alama zinapotelea wapi

Kuna hazina ambayo warisiti wengi hawaigusi. Baada ya kila mtihani, NECTA huandika taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, na kuiweka kwenye tovuti yake bure. Kwa kifupi cha Kiingereza huitwa CIRA. Ndani yake utaona swali lilitaka nini, wangapi walipata alama za juu na wangapi za chini, na kwa nini. Utaona hata picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na baya, pamoja na maelezo. Mwishoni mada zinapangwa kwa rangi: kijani kwa zilizofanywa vizuri, njano wastani, nyekundu dhaifu.

Ukisoma taarifa hizo za miaka mitatu ya somo moja utaona sababu zinajirudia mpaka zinachosha. Watahiniwa hawakuelewa swali linataka nini. Hawakuwa na maarifa ya kutosha ya mada. Kiingereza kiliwasumbua. Katika hesabu, kanuni zilichanganywa. Angalia ile ya kwanza: mwanafunzi anaweza kuijua mada na bado akapata sifuri.

Chukua Historia. Swali linataka sababu sita za Vita vya Maji Maji. Mtahiniwa anafurahi, mada anaijua. Anaandika vita vilianza 1905 na kuisha 1907, anamweleza Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, dawa ya maji, risasi zisizogeuka maji, njaa iliyofuata baadaye. Kurasa tatu, zote kweli tupu. Msahihishaji ana orodha ya sababu mkononi. Anatafuta kodi, anatafuta pamba, anatafuta maakida. Anapata hadithi.

Mwingine anaandika sababu zote sita, ila kila moja kwa mstari mmoja: "Wajerumani walikuwa wakatili." Huyu atapata kidogo, maana ametaja bila kueleza. Wa tatu anaandika kwamba Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima mashamba ya pamba chini ya maakida, kwa ujira usio na maana, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono, na ndiyo maana uasi wa Wamatumbi ulianza kwa kung'oa pamba. Hoja imetajwa, imeelezwa, ina ushahidi. Huyo wa tatu huenda hajui Historia kuliko wa kwanza. Anajua tu kwamba neno lililotumika lilikuwa "explain", si "list" wala "narrate".

Mitihani hii, ukiacha Kiswahili na masomo machache, iko kwa Kiingereza, na mtu anaweza kusoma mwaka mzima asijue kwamba yale maneno ya amri mwanzoni mwa swali ndiyo yanayopanga alama. Yaandike kwenye karatasi moja, na mbele ya kila moja andika linataka ufanye nini. Kazi ya jioni moja hiyo, na sijui jioni nyingine yenye faida kama hiyo.

Karatasi nyingine mbili ni za lazima. Fomati ya mtihani, ambayo NECTA huiweka wazi, inaeleza sehemu ngapi, maswali mangapi, alama ngapi na mada zipi zinapimwa. Na kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia madarasani 2024, hakikisha fomati na muhtasari unaosomea ni wa mtihani utakaoufanya wewe. Daftari za kaka yako zisikupotoshe.

Usahihishaji nao una somo lake. Walimu hukusanywa vituoni na kusahihisha kwa mfumo wa mkanda: mmoja au kundi husahihisha swali moja tu, kisha skripti inasogea kwa mwingine. Aliyesoma jibu lako la swali la pili hajui ulivyong'ara swali la kwanza. Hakuna wa kukuonea huruma kwa jumla yako, na hakuna wa kukuchukia kwa kosa la ukurasa wa kwanza. Kila jibu linasimama peke yake. Kwa hiyo kuandika "kama nilivyosema swali la 3" ni kumwambia mtu ambaye hakuwepo. Na swali lililoachwa wazi halina wa kulitetea.

Muda nao una hesabu yake. Mtihani wa Hisabati kidato cha nne una saa tatu kwa alama 100, yaani karibu dakika mbili kwa alama. Swali la alama 6 lina haki ya kama dakika 11, la alama 10 dakika 18. Anayeng'ang'ania swali moja la alama 6 kwa dakika 30 amekopa dakika za maswali mengine, na deni hilo analipa mwishoni kwa kuacha kurasa tupu.

Kusoma tena si kujua tena

Mrisiti ana hatari ambayo mwanafunzi mpya hana: kila kitu anakitambua. Anafungua daftari la Biolojia, anaona mada ya upumuaji, anasema hii naijua. Anageuza ukurasa. Anasoma kwa miezi, anaona raha, na kichwani hakijaingia kipya. Kukitambua kitu ukikiona ni jambo moja, kukitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni jambo jingine, na mtihani unataka la pili.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilowapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Kundi moja lilisoma habari na kuisoma tena. Jingine lilisoma mara moja, kisha likaandika kila linachokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo siku ya mrisiti ipangwe kinyume na mazoea. Unaanza na karatasi nyeupe: andika yote unayoyajua kuhusu mada. Kisha fungua kitabu uone ulichoacha. Hicho ulichoacha ndicho cha kusoma leo. Baada ya siku chache rudi tena na karatasi nyeupe, na tena wiki mbili baadaye. Inaumiza kuliko kusoma ukiwa umelala, na wengi huiacha kwa kudhani wanasahau sana. Yale maumivu ndiyo kazi yenyewe inavyofanyika.

Anza na mada ambazo wewe una hali ya kati. Za kijani unazozijua zitakupa raha bila alama mpya, na nyekundu kabisa zitakula miezi. Kuna anayetumia Januari nzima kupambana na mada moja ngumu ya Fizikia kwa ushupavu wa kupigiwa mfano, wakati mada tatu za wastani zingempa alama kumi anazozitafuta.

Wa sayansi wana jambo la ziada: mtihani wa vitendo. Maabara haisomwi kwenye PDF. Kabla ya kuchagua kituo, uliza kama kuna maabara na kama wanawaruhusu watahiniwa wa kujitegemea kufanya mazoezi mapema. Mtu anayeshika bureti kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, siku yenyewe ya mtihani, atapoteza alama alizokuwa nazo.

Maneno ya mtaani

"Mtihani wa private ni mgumu zaidi." Karatasi za miaka ya karibuni zimeandikwa kwenye jalada kuwa ni za watahiniwa wa shule na wa kujitegemea pamoja. Maswali ni yale yale, siku ile ile. Kinachotofautiana ni kwamba mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo zinazoingia kwenye matokeo yake, na wewe huna. Unasimama kwa mtihani wenyewe tu. Aliyekuwa akibebwa na kazi za darasani aliweke hilo akilini.

"Kuna idadi maalumu ya kufaulu, wengine wanabaniwa." Mipaka ya madaraja imetangazwa. Ukipata 60 ni C, hata kama nchi nzima imepata 60. Ushindani upo kwenye nafasi za chuo, haupo kwenye herufi.

"Ukirisiti, matokeo ya zamani yanafutwa." Hayafutwi. Unakuwa na matokeo ya mitihani miwili, kila moja na namba yake, na fomu za maombi ya vyuo zina nafasi ya kujaza zaidi ya moja. Ila kabla ya kuunganisha somo la mwaka huu na la mwaka ule, soma masharti ya kozi husika au uulize ofisi ya udahili ya chuo.

"Kuna jamaa Telegram ana mtihani." Huyo ana mtaji wa woga wako. Anauza karatasi za uongo, na hata zingekuwa za kweli, NECTA hufuta matokeo ya waliohusika na udanganyifu. Tusipoteze muda hapo.

Kidato cha nne kwa ufupi

Kidato cha nne mantiki ni ile ile, vipimo tofauti. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Pengo la C ni pana mno, alama 45 hadi 64, kwa hiyo anayetaka B asidhani C yake iko jirani. Kwa upande mwingine, anayetafuta astashahada anahitaji kwa kawaida D nne katika masomo yasiyo ya dini, na aliyeangukia D tatu na F ya 25 katika somo la nne anatafuta alama tano tu.

Hisabati ndiyo inayotisha, maana mwaka 2021 na 2022 ni kama mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyefaulu. Lakini tazama muundo: maswali kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Mwenye 20 anayetaka D anahitaji alama kumi zaidi, na maswali mawili ya sehemu ya kwanza yanatosha kuzileta. Huyo hana haja ya kuijua Hisabati yote kufikia Novemba. Anahitaji mada tatu nne, kwa mfano takwimu na uhasibu, azifanye mpaka asikosee. Anayetaka masomo ya sayansi mbele ana kazi nyingine kabisa.

Tarehe

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, wa kidato cha nne ni Novemba, lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa miezi mingi kabla: wa kidato cha nne mwanzoni mwa mwaka, wa kidato cha sita katikati ya mwaka uliotangulia, karibu na matokeo yanapotoka. Anayechelewa hulipa faini, na anayechelewa zaidi husubiri mwaka mwingine. Wanaotaka kurudia kidato cha sita wawe na krediti tatu za kidato cha nne, yaani C au zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama kila mwaka: wanaomba chuo, wanasubiri awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakija kushtuka hawakuchaguliwa, dirisha la usajili limefungwa. Omba chuo na jisajili kurisiti kwa wakati mmoja. Ukichaguliwa, umepoteza ada ya mtihani. Ukikosa, umeokoa mwaka. Siku ya kujisajili nenda na namba yako ya mtihani wa awali, hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na hakiki orodha ya masomo kabla ya kulipia namba ya malipo, kwa sababu kituoni siku ya mtihani utapewa karatasi ya somo ulilosajiliwa, si la somo ulilolisoma.